Mwenye Akili Nyingi na Wenzake

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mhubiri 1:12–18, 2:4–17, 4:7–12, 9:13–16, 1 Wafalme 3:5–28, 10:23–25, 12:4, Danieli 2:12–30, 49, Luka 2:41–52, 1 Wakorintho 8:1–3.

Fungu la Kukariri: Mhubiri 4:9, 10. Darasa lilisome kwa pamoja, kila mmoja katika Biblia yake.

Matokeo ya darasa la saba yanapotoka, kuna nyumba wilayani Rungwe ambako furaha na huzuni huingia kwa mlango mmoja. Mtoto amefaulu kupita wenzake wote. Anapangiwa shule ya vipaji maalumu, Ilboru kule Arusha au Kilakala kule Morogoro. Mzazi anauza ndizi na maharage apate nauli na godoro, siku ya safari inafika, na basi linaondoka Tukuyu mvua ikinyesha. Wale aliokwenda nao mtoni tangu utoto wanabaki. Akirudi likizo ya Desemba anakuta mazungumzo yameshahama. Yeye ana mambo ambayo hapati wa kumsimulia, nao wana vichekesho ambavyo yeye hakuwapo vilipozaliwa.

Je, akili nyingi humletea mtu furaha, au humtenga na watu? Mithali 3:13 inamwita heri mtu aliyeipata hekima. Mhubiri 1:18 inaiunganisha hekima hiyohiyo na huzuni. Mafungu yote mawili yamo katika Biblia moja, na juma hili hakuna litakalofichwa ili jingine lipate nafasi.

JUMAPILI: Maarifa Yanayoumiza

Soma Mhubiri 1:12–18. Mhubiri anatoa sababu gani ya kuhuzunika?

Wengine husoma fungu la 18 kama maneno ya mtu aliyechoka tu. Lakini mkulima wa viazi wa Isongole analielewa bila kufafanuliwa. Majirani wawili wanauza magunia yao kwa lumbesa. Mmoja hajui hesabu ya kilo. Anapokea fedha, anashukuru, anakwenda kulala. Mwenzake anajua kipimo. Anaona kilo zilizofungwa juu ya gunia bila malipo, anazidisha kwa magunia yote, na usingizi unamkimbia. Wote wawili wamepunjwa sawa. Aliyeumia usiku ule ni mwenye maarifa. Ndivyo ilivyo pia kwa muuguzi ambaye mtoto wake mwenyewe anaugua: anaona katika dalili kile ambacho bibi wa mtoto bado hajakiona, naye hana wa kumshirikisha hofu yake.

Kwa hiyo Mhubiri hatii chumvi. Hata hivyo, kujua kidogo si dawa. Uchunguzi uliofanyika Uingereza mwaka 2007, ukihusisha watu zaidi ya 6,000, ulikuta kwamba walio na alama za chini katika vipimo vya akili ndio waliosema kwa wingi zaidi kwamba hawana furaha, na sehemu kubwa ya tofauti ilielezeka kwa umaskini, afya mbaya na kuhitaji msaada katika shughuli za kila siku. Upande mwingine, watafiti Norman Li na Satoshi Kanazawa walichapisha mwaka 2016 kazi iliyotumia majibu ya vijana wapatao 15,000 wa Marekani. Kwa walio wengi, kukutana mara kwa mara na marafiki kuliambatana na kuridhika zaidi. Kwa wenye akili nyingi sana, mambo yaligeuka kidogo. Neno “kidogo” lizingatiwe. Zaidi ya hayo, utafiti wa namna hiyo huhesabu mara ambazo watu wamekutana, na kukutana si sawa na kubebeana mizigo.

JUMATATU: Mfalme Aliyejijengea

Soma 1 Wafalme 3:5–28, kisha Mhubiri 2:4–11. Hekima ya Sulemani ilimtumikia nani mwanzoni? Ilimtumikia nani baadaye?

Kijana Sulemani aliomba moyo wa kuamua watu kwa haki. Jambo la kwanza linalosimuliwa kuhusu kipawa hicho ni kesi ya wanawake wawili makahaba na mtoto mmoja, watu ambao mahakama nyingi za wafalme zisingewapokea hata mlangoni. Katika sura ya 10 mambo yamebadilika. Sasa watu wanatoka mbali kuja kuisikia hekima yake, kila mtu na zawadi mkononi, mwaka baada ya mwaka. Hekima imekuwa kitu cha kutazamwa. Na alipokufa, raia walikuja kwa mwanawe na ombi moja, kwamba nira waliyowekewa na babaye ipunguzwe (12:4). Mtu aliyesifiwa na mataifa kwa kusikia vizuri hakuwa amewasikia waliomjengea.

Sasa rudi Mhubiri 2 na uhesabu mambo ambayo msemaji amejifanyia mwenyewe: nyumba, mizabibu, bustani, mabwawa. Watumishi wapo, waimbaji wapo. Rafiki hatajwi hata mmoja. Huenda ndiyo sababu sura ya 4 inasimama kwa ghafula mbele ya mtu aliye peke yake, asiye na mwana wala ndugu, anayejitaabisha bila kujiuliza kwa ajili ya nani.

JUMANNE: Ukwangala

Soma Mhubiri 4:7–12 na Mithali 27:17. Mtu anaweza kupata hekima peke yake?

Wazee wa Kinyakyusa walikuwa na jibu. Kati ya 1934 na 1938 Godfrey Wilson na mkewe Monica waliishi miongoni mwao wakiandika maisha yao, na Monica alitoa kitabu Good Company mwaka 1951. Humo ameeleza vijiji vya rika: wavulana wa umri mmoja walitoka katika boma la baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe. Kabla ya kuoa walizunguka pamoja kula, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mvulana aliyekwenda kula kwa mama yake peke yake hakusifiwa. Kukaa huko pamoja, kula na kuzungumza na wenzako, kuliitwa ukwangala. Na amahala, yaani akili na busara, iliaminika kukua humo humo, katika maongezi na rika. Mtu wa kujitenga hakudhaniwa kuwa na akili nyingi. Alidhaniwa kuzipoteza.

Isisahauliwe kwamba wenzako wanaweza pia kukubana. Wazee haohao waliamini kwamba manung'uniko ya majirani yanaweza kumletea mtu ugonjwa, na aliyefanikiwa kupita wenzake alikuwa na sababu ya kuogopa. Mpaka leo mtoto anayejibu maswali yote darasani huitwa anajidai, naye hujifunza kunyamaza. Upweke wa mwenye akili hautoki kwake tu. Mhubiri 9:13–16 inasimulia maskini aliyeuokoa mji kwa hekima yake. Mji ulichukua msaada, ukamsahau mtu.

JUMATANO: Danieli Arudi Nyumbani

Soma Danieli 2:12–30, 49. Danieli alifanya nini kabla ya kupewa jibu la ndoto?

Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kuwa mpweke, ni huyu. Alitolewa kwao akiwa kijana kwa sababu ya akili zake, akafundishwa lugha ya wageni, akapewa jina la wageni. Mfalme alipomwona yeye na wenzake watatu kuwa mara kumi zaidi ya wenye hekima wa ufalme wake (1:20), hilo lingetosha kumvimbisha.

Amri ya kuwaua wenye hekima inapotolewa, Danieli anaomba muda. Kisha anakwenda nyumbani kwake na kuwaeleza Hanania, Mishaeli na Azaria (fungu la 17). Hajui jibu, na anawaambia kwamba hajui. Hapo ndipo wengi wenye vipawa hushindwa: wako tayari kuwapa watu majibu yao, lakini hawako tayari kuwaonyesha hofu yao. Wanne wanaomba pamoja, na siri inafunuliwa.

Angalia pia yanayofuata. Katika fungu la 24 anazuia kuuawa kwa wenye hekima wa Babeli, watu walioshindana naye na wasiomwabudu Mungu wake. Katika fungu la 30 anamwambia mfalme wazi kwamba siri haikufunuliwa kwa sababu yeye ana hekima kupita walio hai wote. Na katika fungu la 49, akiisha kupandishwa cheo, anawaombea wenzake nafasi. Kipawa kilekile ambacho kingemweka juu peke yake kimekuwa daraja la wengine kuvukia.

ALHAMISI: Kushuka Nazareti

Soma Luka 2:41–52. Akiwa na miaka kumi na miwili Yesu aliwashangaza walimu hekaluni, na wazazi wake hawakuelewa alichowajibu. Luka hasemi kwamba aliendelea kubishana, wala kwamba alibaki Yerusalemu alikokuwa na watu wa kuzungumza naye. Alishuka nao Nazareti, akawatii. Na baada ya kushuka huko Luka anaandika kwamba alizidi kukua katika hekima. Kutoeleweka nyumbani hakukuondolewa. Alikaa nako miaka mingi.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Ellen G. White, katika kitabu Elimu kilichochapishwa mwaka 1903, hatenganishi kukuza akili na kuwatumikia wengine. Linganisha na 1 Wakorintho 8:1–3, mahali Paulo anapoyapima maarifa kwa upendo, na Yakobo 3:13–17.

Maswali ya Kujadili

1. Ni jambo gani ulilojua ambalo lilikuongezea huzuni? Ulimwambia nani?

2. Katika kanisa lenu kuna mtu ambaye huitwa kuandika barua, kukagua hesabu au kutafsiri hubiri, lakini hakuna amtembeleaye bila kazi? Darasa lifikirie jambo hili bila kutaja majina hadharani.

3. Mtoto wa jirani anarudi likizo kutoka shule ya mbali. Kikundi kinaweza kumwuliza nini zaidi ya “umekuwa wa ngapi?”

4. Waliobaki nyumbani wanajua nini ambacho yule aliyesoma mbali anahitaji kukisikia kwao? Ni lini mara ya mwisho mlimpa nafasi ya kuuliza?