Mzee Aoge Akiwa Ameketi

Bafu nyingi za uani zimejengwa kwa ajili ya mtu mwenye magoti mazima. Sakafu imepigwa niru ikawa laini, mlangoni kuna kizingiti, ndoo iko chini, na cha kushika ni ukuta ulioloa. Anayeoga huinama kuchota, huinuka kujimwagia, hufumba macho kwa sababu ya povu, kisha huinama tena. Kwa mzee anayetumia dawa za presha, inama-inuka hiyo inatosha kabisa kumtia kizunguzungu, na hapo ndipo nyonga inapovunjika.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza ni kiti. Familia nyingi huanza na vyuma vya ukutani, lakini ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, mnunulie kiti. Kiwe na kimo cha sentimita 45 hadi 50, nyayo za mzee zikanyage chini sawasawa, na kiwe na mikono ya kuegemea anapoinuka. Kigoda hakifai: kukikalia ni rahisi, kuinuka ni kazi. Kiti cha plastiki cha kawaida kinafaa kama ni kinene na hakiyumbi, lakini kwanza mwaga maji na sabuni sakafuni, kisha ukikalie wewe mwenyewe uone kama miguu yake inatanuka au inateleza. Ikiteleza, mpelekee fundi wa kuchomelea vipimo, akutengenezee fremu ya chuma yenye soli za mpira wa tairi, na sehemu ya kukalia iwe na matundu ya kupitisha maji.

Mzee akishaketi, ndoo nayo ipande. Iweke juu ya stuli imara au matofali mawili matatu, upande wa mkono wake wenye nguvu, na ujaze nusu tu. Mpe kopo lenye mpini, maana vidole vyenye baridi yabisi havishiki kopo lenye povu. Sabuni itie ndani ya soksi safi, uifunge kamba, uitundike kitini, ikimponyoka haianguki. Dodoki lenye mpini mrefu litafika mgongoni na miguuni bila yeye kuinama.

Sasa chuma cha ukutani cha kujishikilia. Bomba la maji la chuma la inchi moja linaenea vizuri kiganjani. Lifungwe likiwa limelala, sentimita 85 hadi 90 kutoka sakafuni, na kati yake na ukuta ibaki nafasi ya sentimita 4 hivi, vidole vipite lakini mkono mzima usinase. Ukuta wa matofali yenye uwazi ndani haushiki skrubu fupi. Boliti ipenye hadi upande wa pili na ikazwe kwenye bamba la chuma. Kabla mzee hajalishika, mtu mzima aning'inie kwa uzito wake wote. Bomba la kuanikia taulo, koki na sinki si vya kujishikilia.

Mkeka wa mpira wenye vinyonyeo hushika kwenye vigae laini, lakini kwenye saruji yenye chenga hautulii. Saruji ni afadhali fundi aikwangue, aipige upya kwa brashi, na aielekeze kwenye tundu la maji. Gunia na matambara yaondoeni, yanajikunja chini ya nyayo.

Maji ya moto yanahitaji uangalifu wa pekee. Tanguliza ya baridi kwenye ndoo, kisha ongeza ya moto, na upime kwa kiwiko. Mgonjwa wa kisukari aliyekufa ganzi miguuni, au aliyepooza upande mmoja, anaweza kuungua bila kuhisi, kwa hiyo asipime kwa mguu wake. Nyuzijoto 37 au 38 zinatosha. Maji ya nyuzijoto 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache.

Kwa aliyepata kiharusi, anza kumvua nguo mkono mzima. Wakati wa kumvisha, anza na mkono dhaifu. Utaratibu huo huokoa bega lisivutwe. Muulize nani amsaidie, kwa sababu kuna mama atakayekubali mjukuu wake wa kike lakini kamwe si mkwewe, na ana haki hiyo. Aoge na kanga mwilini, umwagie maji juu yake, na sehemu za siri ajisafishe mwenyewe maadamu mkono unafika. "Mama, nikupake sabuni mgongoni, au bado?" Subiri ajibu. Kumharakisha mtu aliye uchi ni kumdhalilisha, hata kama nia ni njema.

Mlango ufungukie nje. Ukifungukia ndani, mzee akianguka nyuma yake mwili wake unauziba, na mnabaki kuvunja mlango huku ameumia. Komeo liwe la kufunguka pia kutoka nje. Kama anatumia kitimwendo, upana wa sentimita 80 ndio wa chini kabisa, na kizingiti kiondolewe.

Aliyeanguka hata mara moja aonwe na mtaalamu wa fiziotherapia. Hospitali nyingi za mikoa zinao, na Dar es Salaam hospitali ya CCBRT inajulikana kwa huduma za utengamao. Nenda na vipimo na picha za bafu kwenye simu, maana mtaalamu anamwona mzee akitembea juu ya sakafu kavu ya hospitali, wala hajui kizingiti cha kwenu kina kimo gani.