Sinia la Futari na Afya ya Tumbo

Ndugu zetu, twafunga mchana kutwa, kisha jua likitua twalivamia sinia: sambusa, viazi karai, tambi, mahamri. Hata imamu akisimama kwa tarawehe, nusu ya safu yacheua na kiungulia chawaka. Nasi tuandikao haya tumo safuni.

Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa matonge machache yatosha, na kama hapana budi, basi theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji, theluthi ya pumzi. Nao matabibu wasema shibe huchukua kama dakika 20 kumbainikia mlaji. Basi tufungue kwa tende na maji, tuswali Magharibi, ndipo turejee jamvini. Muda huo hupunguza ukali wa njaa. Kunde, mbaazi na mchicha vitangulie vya kukaanga, kwani nyuzinyuzi zake hulainisha choo. Tukisha kula daku tusijilaze papo hapo, asidi ya tumbo isije ikapanda kooni. Mwenye vidonda vya tumbo au kisukari amwone tabibu kabla mwezi haujaandama.

Tena tusiwalaumu wake zetu kwa mafuta ya sinia. Sisi ndio tununao tukikosa sambusa.