Joka Aliyeachiwa Aruke: Katuni ya Sikukuu na Somo la Noeli



Wapendwa vijana, shule zimefungwa na jioni za Majilio huku Buhare ni katuni tu. Flashi inatoka nyumba hii inaingia nyumba ile. Katika flashi moja kulikuwa na filamu fupi ya sikukuu iitwayo Dragons: Gift of the Night Fury, yaani zawadi ya joka wa aina ya Night Fury. Ilitolewa na DreamWorks mwaka 2011, ina dakika kama 22, na inaendeleza ile filamu ndefu ya 2010, How to Train Your Dragon.

Vijana wetu waliitazama baada ya mazoezi ya kwaya. Wadogo walicheka mpaka machozi. Wakubwa wakaanza kubishana, na yakatoka maswali mawili. La kwanza: "Frateri, joka si ndo Shetani? Mbona tunamshangilia?" La pili: "Yule joka kapewa zawadi, halafu kaivunja. Si dharau hiyo?" Maswali yote mawili ni mazuri kuliko yanavyoonekana. Tuyachukue moja moja.

HADITHI KWA KIFUPI

Kuna kisiwa kiitwacho Berk. Zamani watu na majoka waliuana. Kijana Hiccup alimtungua joka mmoja adimu, lakini alipomkaribia amuue, akashindwa. Wakawa marafiki, akamwita Toothless. Tatizo ni kwamba katika kutunguliwa, Toothless alipoteza pezi moja la mkia, na bila pezi hilo haruki. Hiccup akamtengenezea la bandia, ila linaendeshwa kwa mguu wa Hiccup akiwa amempanda mgongoni. Yaani bila Hiccup, Toothless ni wa chini tu.

Sasa, kwenye filamu hii fupi sikukuu yao ya baridi imekaribia, na ghafla majoka wote wanaondoka kijijini. Hakuna anayejua wanakwenda wapi. Toothless anabaki, si kwa kupenda, bali kwa sababu hawezi kuruka peke yake. Hiccup anaona hilo linamuuma. Anakaa anaunda pezi jipya linalojiendesha lenyewe, anamfunga mkiani. Toothless anapaa. Anaondoka. Hiccup anabaki anaangalia mbingu.

Wakati huohuo kijana mwingine, Fishlegs, ana furaha kuliko wote. Baadaye tunajua kwanini: amemfungia joka wake Meatlug bandani kwa siri. Anampenda kweli, wala hamtesi. Lakini hakujua kwamba Meatlug alikuwa na mayai, na kwamba majoka walikuwa wakienda kisiwa cha mbali kuangua, maana mayai yao hulipuka yakianguliwa. Mayai hayo yanaishia kugawiwa nyumba kwa nyumba kama zawadi, na kijiji kinalipuka. Hapo ndipo watoto walipocheka zaidi.

SWALI LA KWANZA: JOKA SI SHETANI?

Aliyeuliza hakukosea. Kitabu cha Ufunuo, sura ya 12, kinasema wazi kwamba lile joka kubwa jekundu ndiye nyoka wa kale, Ibilisi. Tunalisikia somo hilo kila tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Kanisa halifanyi mzaha na Shetani, na sisi tusifanye.

Ila tutofautishe alama na kitu chenyewe. Kwenye Maandiko alama moja inaweza kubeba maana zaidi ya moja. Nyoka wa Mwanzo 3 anadanganya, lakini nyoka wa shaba wa Hesabu 21 anaponya, na katika Yohane 3 Bwana wetu anajilinganisha naye. Zaburi ya 148 inawaita viumbe wa vilindini wamsifu Mungu, na Biblia ya Kilatini ya Mtakatifu Yeronimo imewaita hao "dracones", majoka. Hata hapa jirani zetu, Bujora mkoani Mwanza, alikofanya kazi Padre David Clement, kuna sherehe ya Bulabo inayoendana na sikukuu ya Ekaristi, na ngoma za Kisukuma huchezwa na chatu mzimamzima. Hakuna anayemwabudu yule chatu.

Kwa hiyo tusiulize tu mnyama gani amechorwa. Tuulize anafanya nini. Na hapa rudi tena Ufunuo 12 usome taratibu. Joka lile limesimama mbele ya mwanamke anayejifungua. Linataka nini? Kummeza mtoto. Hiyo ndiyo sura ya Shetani: anataka kumeza. Haachii. Kila anachokigusa anataka kiwe chake.

Ukilishika hilo, utaona kwamba kwenye katuni hii mwenye hatari ya kufanana na joka la Ufunuo si Toothless. Ni Fishlegs na kufuli lake. Na anafanya hivyo kwa upendo! Ndo maana inatisha.

SWALI LA PILI: MBONA ALIVUNJA ZAWADI?

Toothless anarudi. Mdomoni ana kofia ya chuma ya Hiccup, ambayo ilikuwa imedondokea baharini, ukumbusho wa mama yake. Kumbe muda wote alikuwa anaitafuta. Halafu analivunja lile pezi jipya na kumletea Hiccup pezi la zamani, lile la kuruka wawili.

Je, ni dharau? Mtakatifu Thoma wa Akwino, akimfuata Aristotle, anafundisha kwamba kumpenda mtu ni kumtakia mema yeye. Yeye, si mimi kupitia yeye. Hiccup alitaka mema ya Toothless hata kama mema hayo yangempeleka mbali. Bila pezi jipya tusingejua kamwe kama Toothless anakaa kwa kupenda au kwa ulemavu tu. Zawadi yenyewe haikuwa chuma na ngozi. Zawadi ilikuwa uwezo wa kuchagua, na Toothless aliipokea yote. Akachagua.

Huwezi kujitoa kama hujiwezi. Bibi na bwana harusi mbele ya altare, mtawa anayeweka nadhiri, wote wanafanya kile alichofanya Toothless: wanaweza kuruka peke yao, na kwa hiari wanasema, mimi naruka na wewe. Padre humuuliza kwanza kila mchumba kama amekuja kwa hiari yake. Bila hiari hakuna ndoa.

TUJE KWETU

Vijana, hapa tusizunguke. Kuna wachumba wanaodaiana namba ya siri ya simu, wakiita hilo uaminifu. Kuna kijana anamwambia binti, "ukienda chuo Dodoma tumeachana." Kuna mzazi anamwambia mwanaye asiende seminari au utawani, kwa sababu "nani atanitunza?" Wote watakwambia wanapenda. Pengine ni kweli, kama Fishlegs. Lakini ndani ya banda kuna mayai usiyoyajua: kipaji, wito, maisha ambayo Mungu ameyaweka kwa mwenzako. Ukifunga mlango, hayafi kimya. Yanalipuka.

Tahadhari moja: kumwachia mtu si kutomjali. Hiccup alikesha akiunda lile pezi. Kumwachia kwa upendo ni kumwandaa aruke vizuri, na kukubali maumivu ya kusubiri.

NOELI NDIPO HAPA

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1730, inafundisha kwamba Mungu ametuumba na hiari ili tumtafute sisi wenyewe. Angeweza kutufunga. Yule baba wa Luka 15 angeweza kumnyima mwanaye urithi, amweke nyumbani kwa nguvu. Akampa, akamwacha aende, akabaki anatazama njia.

Na Noeli Mungu anakwenda mbali zaidi: anakuja kama mtoto mchanga katika hori. Mtoto mchanga hamlazimishi mtu. Unaweza kumpita, kama nyumba za Bethlehemu zilivyompita. Aliyekuja hivyo hakuja kumeza. Katika Ekaristi, yeye ndiye anayeliwa.

Maswali ya kutafakari
1. Ni nani nimemfungia bandani nikisema nampenda?
2. Ni nani amenipa uhuru, nami bado sijarudi kumshukuru?
3. Sala na Misa zangu: naenda kwa hiari, au naogopa macho ya watu tu?

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyekuja kwetu bila nguvu wala kulazimisha, utuokoe na yule anayetaka kutumeza. Utufundishe kupenda kwa mikono iliyo wazi, na ututie hamu ya kurudi kwako kila siku. Amina.

Majilio mema, na Mungu awabariki.