NYWELE ZA MAMA NA DAWA ZA KUOTESHA NYWELE

Leo tutajifunza juu ya nywele. Labda mumoja atasema, "Nywele haziko ugonjwa, mbona muganga anapoteza wakati?" Lakini kila juma wamama wanakuja kwenye kipimo cha watoto na kitambaa kichwani, na wanaficha kitambaa hicho kama kidonda. Wengine wameuza kuku ao mafuta ya mawese kwa kununua chupa ya dawa sokoni. Chupa hiyo inaweza kumugusa mutoto kuliko inavyogusa nywele. Kwa sababu hii tujifunze.

1. Nywele zinaishi namna gani?

Kichwa cha mutu kina nywele karibu 100,000. Kila unywele una muzizi wake ndani ya ngozi. Unakua karibu sentimeta 1 kwa mwezi, kwa muda wa miaka 2 mpaka 6. Kisha unapumzika miezi 2 ao 3, unaanguka, na mwingine unaota pahali pale pale. Ni kama shamba la muhogo: hatungoi mashina yote siku moja. Kwa hiyo nywele 50 mpaka 100 zikianguka kila siku, hakuna ugonjwa.

2. Homoni ni nini?

Homoni ni wajumbe wa mwili. Zinatengenezwa katika sehemu fulani za mwili, zinapita katika damu, na kila mahali zinapofika zinaleta amri. Munajua umeme wa Kyimbi. Unatoka hapa kwetu Bendera, unapita katika nyuzi mpaka Kalemie. Umeme ni ule ule, lakini katika nyumba moja unawasha taa, katika nyingine unapasha pasi. Homoni nazo ni hivyo: homoni moja inafanya kazi mbalimbali pahali mbalimbali.

Angalieni wanaume. Homoni ya kiume inaotesha ndevu na nywele za kifua. Lakini homoni ile ile, kwa mutu aliyerithi jambo hili katika ukoo wake, inapunguza nywele za kichwa. Ndiyo maana baba anaweza kuwa na ndevu nyingi na upara mukubwa. Wanawake pia wana homoni hiyo, lakini kidogo. Mama aliyekwisha kuacha kuona mwezi anaweza kupata nywele chache kidevuni, hakuna hatari. Lakini kama dada kijana anaota ndevu kwa haraka, sauti inakuwa nzito na haoni mwezi, sherti aje kwa daktari.

3. Kwa nini nywele zinaanguka kisha kuzaa?

Wakati wa mimba, homoni za kike zinapanda sana, na nywele nyingi zinakaa bila kuanguka. Wamama wengi wanafurahi, nywele zimejaa. Kisha kuzaa, homoni zinashuka gafula. Nywele zile zilizochelewa zinaingia kupumzika pamoja, na kisha miezi 2 mpaka 4 zinaanguka pamoja. Mama anachana, anaona chanuo kimejaa, anashikwa na woga. Zaidi zinapunguka juu ya paji na pande za masikio.

Wamama, musiogope. Mutoto akifika karibu mwaka mumoja, nywele za wamama walio wengi zimekwisha kurudi, bila dawa yoyote.

Kuna wanaosema mutoto anavuta nywele za mama katika maziwa. Si kweli. Nywele zinaanguka hata kwa mama asiyenyonyesha. Kumwachisha mutoto ziwa hakutarudisha unywele hata mumoja, lakini kutamuletea kuhara na kukonda. Mumupe maziwa ya mama peke yake miezi 6, kisha muongeze chakula na muendelee kunyonyesha mpaka miaka 2 na kupita. Wengine wanasema jirani ameokota nywele kwa bulozi. Musimushitaki mutu juu ya kazi ya homoni. Urafiki wa jirani ukivunjika, haurudi kwa mwaka mumoja kama nywele.

4. Dawa zinazouzwa

Dawa ya nywele haikai kwenye nywele tu. Ngozi inakunywa, damu inabeba. Mujue hizi nne.

(a) Minoksidili. Kwenye chupa jina linaanza na herufi MINOX. Mwanzoni, katika miaka ya 1970, ilikuwa kidonge cha watu wenye damu kupanda. Waganga wakaona wagonjwa wanaota nywele usoni, mikononi na mugongoni. Kisha wakatengeneza maji ya kupaka kichwani, na Marekani ikayaruhusu mwaka 1988. Yanasaidia watu fulani, lakini mutu akiacha, nywele alizopata zinaanguka tena kisha miezi michache. Yakitiririka usoni, nywele zinaota kwenye mashavu. Katika mwaka 1 ule wa 2019, kule Uhispania, dawa hii iliingia kwa kosa ndani ya dawa ya tumbo ya watoto. Watoto zaidi ya 10 wakaota nywele mwili muzima. Kule Ulaya wameona pia watoto wachanga walioota nywele kwa sababu tu muzazi alijipaka dawa hii na mutoto akagusa ngozi yake. Walipoacha, nywele zikapunguka pole pole. Mama mwenye mimba ao anayenyonyesha asitumie. Baba akitumia, anawe mikono na asimulaze mutoto kwenye kichwa chake.

(b) Finasteridi. Ni kidonge cha wanaume; Marekani iliruhusu kitumiwe kwa upara mwaka 1997. Kinazuia homoni ya kiume isigeuke kuwa na nguvu zaidi. Lakini mutoto mwanaume aliye tumboni anahitaji homoni hiyo kwa kuumba viungo vyake vya kiume. Kwa hiyo mama mwenye mimba asimeze kidonge hicho, wala asiguse kilichovunjika.

(c) Mafuta yenye kortizone. Wengi wanayapaka kwa kujichubua ngozi, na wengine wanapaka hata kichwani. Ngozi inakuwa nyembamba, inatoka vipele, michirizi na nywele usoni. Ikipakwa mwili muzima siku nyingi, inaingia katika damu na inaweza kupandisha damu na sukari. Aliyeitumia muda murefu asiache gafula; aje kwanza tumusaidie kupunguza.

(d) Sindano ya kupanga uzazi. Hii si dawa ya nywele, lakini ni homoni, na kwa wamama fulani nywele zinapunguka kidogo. Musikimbie kimya kimya mukapata mimba musiyotazamia. Mwambie muganga, atakuonyesha njia nyingine.

5. Wakati nywele zinatoa habari ya ugonjwa

Homa kali ya malaria ao ya tifoidi inaweza kuangusha nywele kisha miezi 2 ao 3. Hizi nazo zinarudi. Lakini muje kwenye dispanseri mukiona mambo haya:

- Nywele zinaanguka, tena mama anachoka, moyo unapiga mbio, macho na viganja ni vyeupe. Labda damu imepunguka.
- Mutoto ana madoa ya duara kichwani, yenye magamba, bila nywele. Ugonjwa huo unaambukiza kwa chanuo na wembe, na unahitaji vidonge. Mafuta peke yake hayatoshi.
- Ngozi ya kichwa inauma, inatoa usaha, ao pahali nywele zilipotoka panangaa na hapaoti kitu.
- Nywele za mutoto zinakuwa nyekundu, laini, zinangoka bila kuuma, na miguu inavimba. Hiyo ni kwashiorkor. Musitafute dawa ya nywele. Mumulete siku ile ile, kwa maana mutoto huyo anaweza kufa.

6. Mama afanye nini?

- Kula vema: sombe, lengalenga, maharagi, karanga, ndagala, yai likipatikana. Chakula cha mama ndicho mbolea ya nywele.
- Kumeza vidonge vya damu tunavyowapa kwenye kliniki mpaka vimalizike.
- Kusuka bila kuvuta. Kama kichwa kinauma usiku kisha kusuka, fungua. Nywele zinazovutwa kila mara pande za masikio zinaweza kukosa kurudi kabisa. Kisha kuzaa, pumzisha kichwa: bila meshi nzito, bila dawa kali ya kulainisha.
- Usinunue chupa isiyo na jina la dawa. Ukiwa nayo nyumbani, ilete tuisome pamoja. Hatutakugombeza.
- Weka dawa zote juu, pahali mutoto hafiki.

Maulizo ya kujibu pamoja

1. Nywele ngapi zinaanguka kila siku bila ugonjwa?
2. Kwa nini nywele zinaanguka kisha kuzaa, na zinarudi wakati gani?
3. Mama mwenye mimba asiguse kidonge gani? Kwa nini?
4. Nywele nyekundu na miguu iliyovimba ni dalili ya nini?

Mumufundishe jirani asiyeweza kusoma. Bwana wetu alifundisha kwamba Mungu anajua hata hesabu ya nywele zetu. Basi tusione haya kuuliza juu yake. Na kama pesa ni kidogo, tuzitumie kwa ndagala na maharagi ya nyumbani. Chupa ya sokoni ibaki sokoni.