Somo Haliishii Uwanjani: Mazoezi Matano ya Kufanya na Farasi Barabarani

Farasi anayesimama ndani ya uwanja wa mazoezi peke yake bado hajajua kusimama. Amejua tu kwamba hapa, kwenye mchanga huu, kando ya ua huu, mtu akiketi hivi na kukaza hatamu hivi, akisimama atapata nafuu. Mtoe nje ya geti aone lori la mawe likiteremka, na somo lote linaweza kubaki nyuma kwenye mchanga.

Makomredi wa kitivo cha elimu, jambo hili tunalijua kwa jina lake la darasani: uhamishaji wa mafunzo. Thorndike na Woodworth waliliandikia tangu 1901. Walionyesha kwamba ujuzi wa kazi moja hauhamii kirahisi kwenye kazi nyingine, isipokuwa pale kazi hizo mbili zina mambo yanayofanana. Wengi wetu hulisoma ili tupite mtihani wa saikolojia. Mimi nimeliona likiwa na miguu minne na uzito wa karibu kilo 450.

Mzee wangu ni saisi, yaani mtunza farasi, upande wa Karen hapa Nairobi. Jumamosi nikiwa huru humsaidia kusindikiza wanaojifunza kupanda, tukipita barabara za murram na njia za msituni. Mwaka jana tulikuwa na farasi jike mmoja ambaye uwanjani hakuwa na shida yoyote. Ukishusha pumzi tu, anasimama. Siku msichana wa miaka 14 alipotoka naye, bodaboda ilichomoka kwenye kona, na farasi akarukia katikati ya barabara. Msichana alifanya yote aliyofundishwa, lakini farasi hakusikia lolote. Mwenye bodaboda alikata akaingia kichakani. Hakuna aliyeumia. Ingekuwa lori, ningekuwa naandika habari nyingine kabisa.

Ungedhani dawa ni kumrudisha uwanjani afanye zaidi. Mzee alifanya kinyume, akaupeleka uwanja barabarani.

Kabla ya mazoezi yenyewe, shika kanuni moja. Skinner alizungumzia uimarishaji hasi, na wengi hudhani hiyo ni adhabu. Siyo. Adhabu hupunguza tendo. Uimarishaji hasi huongeza tendo kwa kuondoa kero. Mguu wako ukibonyeza ubavu wa farasi, hiyo ni kero ndogo. Akisogea, ondoa mguu papo hapo. Somo liko kwenye kule kuachia. Ukichelewa, hajui tena umemwachia kwa sababu gani. Na ukiendelea kubonyeza hata baada ya kutii, unamfundisha kwamba kutii hakuna faida.

1. Simama, nenda. Tumia nguzo za umeme. Kwenye nguzo ya kwanza simamisha farasi: keti wima, shusha pumzi, funga vidole kwenye hatamu bila kuvuta nyuma. Akisimama, legeza vidole, hesabu hadi 4, kisha mwombe aende. Fanya hivyo nguzo tatu, halafu mwachie atembee tu. Usisimame kila mara mahali pale pale, maana atakariri nguzo badala ya kukusikiliza wewe.

2. Fupisha na refusha hatua. Hesabu hatua za farasi kutoka nguzo moja hadi nyingine. Tuseme ni 30. Rudia kati ya nguzo zinazofuata, ujaribu kupata 33 kwa kumzuia kidogo kwa kiuno na mgongo, kisha 28 kwa kumsukuma kwa miguu. Mwendo ubaki ule ule wa kutembea, mapigo manne yanayosikika. Akianza troti, ule mwendo wa mapigo mawili, umemsukuma kupita kiasi. Zoezi hili linakulazimisha wewe pia kuwa makini, na farasi ambaye mpandaji wake yuko makini hana nafasi kubwa ya kutafuta vituko.

3. Sogea kando. Kwetu magari hukaa kushoto, na farasi vilevile. Chagua kipande cha njia kilicho kitupu na unachoweza kukiona mbele na nyuma. Anzia katikati, kisha mpeleke polepole hadi ukingo wa kushoto huku akiendelea mbele. Mguu wako wa kulia unabonyeza, pua yake imegeuka kidogo kulia, hatamu ya kushoto inazuia bega lisikimbie. Omba hatua mbili au tatu, achia, nenda mbele moja kwa moja, omba tena. Siku lori litakapokuja, hutakuwa unamfundisha. Utakuwa unamkumbusha tu.

4. Pita kitu cha kutisha. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, lakini farasi bado atapata cha kuogopa: gunia la makaa, mwavuli, ngiri anayechomoka nyasini. Kumbuka macho yake yako pembeni ya kichwa. Anaona karibu pande zote, ila mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia hakuoni. Kitu kikiwa upande wa kushoto, usimlazimishe akikodolee macho. Geuza pua yake kidogo kulia na weka mguu wa kulia, ule ule wa zoezi la tatu, ili asirukie barabarani. Zoea kwanza kwa kitu asichokiogopa, kama jiwe au kisiki. Mzee husema, "Somo la kuogopa hufundishwa kabla ya kuogopa."

5. Miti na kilima. Msituni, pita kati ya miti kama nyoka, ukibadilisha upande wa kupinda kila unapovuka. Tazama unakokwenda, usitazame masikio yake. Kwenye mteremko, shuka moja kwa moja na polepole. Simama katikati, tulia, endelea. Kupanda kunajenga misuli ya nyuma, kushuka kunamfundisha kujibeba. Angalia ardhi pia: Januari na Februari murram ni ngumu na kwato huumia kwa mbio. Mvua ya masika ikianza, udongo mweusi huteleza. Siku hizo tembea tu.

Usifanye yote matano kwa siku moja. Dakika mbili za kazi, dakika tano za hatamu ndefu na shingo kulegea. Jibu zuri la kwanza likija, lipokee na uachane na zoezi hilo. Mwalimu anayesema "mara moja tu tena" huishia kulipoteza lile jibu zuri alilokuwa nalo. Na kipande cha mwisho cha safari rudi kwa kutembea, ili farasi afike nyumbani akiwa amepoa na bila haraka.

Yule farasi jike alifanya hivi kwa wiki kadhaa, akiwa na mtu mzima mgongoni na Mzee akitembea kando yake. Bodaboda bado anaziona, na bado husimamisha masikio. Lakini ukishusha pumzi, sikio moja linarudi kwako, na hapo unajua mnaongea.

Muhula ujao naenda mazoezi ya kufundisha. Nitakuta darasa limejaa, na mtaala wa umilisi unaotaka mtoto aweze kutenda, siyo kukariri. Mtoto anayepata asilimia zote ubaoni kisha anapunjwa chenji dukani hana kichwa kigumu. Tumemfundisha kwenye mchanga, karibu na ua, tukampa alama na kufunga geti. Kwa hivyo kwenye kila andalio la somo nitaacha mstari mmoja wa swali hili: hiki wanafunzi watakitumia wapi nje ya chumba hiki, na nitawatoa lini nikakione?

Kama una farasi wa kupanda wikendi hii, anza na nguzo tatu. Kama huna, unalo darasa.