Mashine Pepe Ikigoma Kuwaka: Soma Ilipokwama Kabla Hujasakinisha Upya

Wengi wakikutana na maneno "Kernel panic" kwenye skrini ya mashine pepe, wazo la kwanza ni kuifuta na kuijenga upya. Mimi hutunza seva za Linux zinazokaa ndani ya KVM na Proxmox, na msimamo wangu ni kwamba mashine ya namna hiyo mara nyingi haijafa. Data zipo, mipangilio ipo. Kilichokatika ni hatua moja tu kati ya hatua za kuwaka. Ukisoma vizuri ujumbe wa mwisho, utajua ni hatua ipi, na tiba yake huwa fupi kuliko kujenga upya.

Utaratibu ufuatao ndio ninaoutumia kazini.

## Zijue hatua za kuwaka

Kuwaka kwa Linux ni mbio za kupokezana kijiti. Programu ya awali ya mashine, ambayo ndani ya KVM huwa ni SeaBIOS au OVMF, hutafuta diski na kumwachia GRUB. GRUB hupakia vitu viwili kwenye kumbukumbu: kerneli, na initramfs, yaani kifurushi kidogo chenye draiva na skripti za mwanzo. Kerneli hukifungua kifurushi hicho, draiva zilizomo huitafuta diski yenye mfumo mzima, diski hupachikwa, kisha kazi hukabidhiwa systemd, ambayo ni mchakato namba 1.

Kila hatua ikifeli ina sauti yake:

- "No bootable device": GRUB hata hajafikiwa. Angalia mpangilio wa diski, na hakikisha mashine iliyosakinishwa kwa BIOS hujaiwasha kwa UEFI, au kinyume chake.
- "grub rescue>": GRUB ameanza, lakini hayaoni mafaili yake.
- "VFS: Unable to mount root fs": kerneli imeamka, ila haijaifikia diski ya mfumo.
- Umeachwa kwenye ganda la amri la initramfs au dracut: initramfs imefanya kazi, ila diski inayoitafuta haionekani au imeharibika.
- "Attempted to kill init!": kerneli imeamka, lakini mchakato namba 1 umekufa.
- "You are in emergency mode": kerneli haina kosa. Nenda moja kwa moja kwenye /etc/fstab. Mara nyingi kuna diski iliyoandikwa humo ambayo haipo tena.

Kwa orodha hii peke yake, unakuwa umeshaondoa sehemu kubwa ya kubahatisha.

## Kwanza nakili, ndipo utibu

Kabla ya kugusa chochote, zima mashine pepe na unakili faili la diski yake. Kwenye libvirt mafaili hayo kwa kawaida yapo /var/lib/libvirt/images. Kwenye Proxmox, chukua snapshoti au bekapu. Hii ni faida kubwa ya mashine pepe juu ya seva ya chuma: diski nzima ni kitu unachoweza kukinakili, hivyo tiba ikienda vibaya unarudi ulipoanzia. Hakikisha tu kwamba mashine mwenyeji ina nafasi ya kutosha kwa nakala hiyo.

## Pata ujumbe wote

Kerneli ikishapata panic, skrini haipandi juu tena. Unabaki na mistari ya mwisho, na mara nyingi chanzo kimeandikwa juu zaidi. Dawa ni konsoli ya serieli. Kwenye Proxmox, iongeze ukiwa kwenye mashine mwenyeji (100 hapa ni namba ya mashine pepe):

```
qm set 100 --serial0 socket
```

Washa mashine, na menyu ya GRUB ikitokea bonyeza herufi e. Kama menyu haitokei, shikilia Shift wakati wa kuwaka ikiwa ni BIOS, au bonyeza Esc ikiwa ni UEFI. Tafuta mstari unaoanza na neno linux, ufute quiet, splash na rhgb kama vipo, kisha mwishoni uongeze:

```
console=tty0 console=ttyS0,115200
```

Usiwashe bado. Kwanza fungua konsoli kwa `qm terminal 100`, au kwa `virsh console` ikifuatiwa na jina la mashine kama unatumia libvirt. Ndipo ubonyeze Ctrl+X. Maneno yote yatapita kwenye dirisha lako la amri, utaweza kupanda juu, kutafuta na kunakili. Badiliko hili ni la kuwaka mara hiyo moja tu. Halijaandikwa popote kwenye diski.

## Kisa cha kwanza: unknown-block(0,0)

Ujumbe huu ndio ninaoukuta mara kwa mara kwenye Ubuntu baada ya kusasisha:

```
Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)
```

Zitazame zile namba mbili. Ingekuwa (8,1), maana yake kerneli imeiona sda1 na tatizo liko kwenye mfumo wa mafaili wa sehemu hiyo. Sifuri mbili zina maana kwamba kerneli haikuweza kuitambua diski yoyote kuwa ndiyo yenye mfumo. Sababu yake inafaa kueleweka: GRUB huiambia kerneli itafute diski kwa UUID ya mfumo wa mafaili, lakini kerneli peke yake haijui kuisoma UUID hiyo. Kazi hiyo hufanywa na initramfs. Initramfs ikikosekana, kerneli inabaki na anwani isiyoweza kuisoma.

Na kwa nini ikosekane? Mara nyingi ni kwa sababu /boot imejaa. Kerneli mpya imewekwa, ikafika zamu ya kutengeneza initramfs yake, nafasi ikaisha katikati.

Rudi kwenye GRUB, ingia "Advanced options for Ubuntu" na uchague kerneli ya zamani. Ikiwaka, angalia:

```
uname -r
df -h /boot
ls -lh /boot
```

Utaona vmlinuz ya toleo jipya isiyo na initrd.img ya toleo hilo hilo, au initrd.img ndogo isivyo kawaida ukiilinganisha na zile nyingine. Punguza kerneli za zamani, kisha tengeneza upya kilichokosekana, ukiweka toleo husika mahali pa neno TOLEO:

```
sudo apt autoremove --purge
sudo dpkg --configure -a
sudo update-initramfs -c -k TOLEO
sudo update-grub
```

Usifute kamwe kerneli iliyotajwa na `uname -r`. Hiyo ndiyo inayokubeba kwa sasa.

## Kisa cha pili: mashine iliyohamishwa

Mashine inatoka VMware kwenda KVM. Kule ilikuwa inawaka vizuri. Huku inasubiri muda mrefu, inaandika "dracut-initqueue timeout", inalalamika kwamba diski ya mfumo haipo, kisha inakuacha kwenye ganda la dracut. Mwenye haraka atadhani faili la diski limeharibika njiani. Kabla ya kuamini hivyo, andika:

```
cat /proc/partitions
lsmod | grep virtio
```

Amri ya kwanza ikikosa diski, na ya pili ikirudi tupu, basi diski ni nzima ila hakuna draiva ya kuiona. Kwenye familia ya Red Hat, dracut hutengeneza initramfs inayoendana na mashine iliyopo wakati huo tu. Kule VMware ilibeba draiva ya pvscsi; KVM inaipa diski ya virtio, na draiva ya virtio haikufungashwa. Debian na Ubuntu hawasumbuki sana na jambo hili, kwa sababu kwa kawaida hufungasha draiva nyingi ndani ya initramfs.

Kwenye menyu ya GRUB tafuta kerneli yenye neno rescue. Initramfs yake imefungashwa draiva nyingi makusudi kwa ajili ya dharura. Washa kwa hiyo, halafu:

```
sudo dracut -f --regenerate-all --no-hostonly
```

Pitia na /etc/fstab. Palipoandikwa /dev/sda1, huku diski inaweza kuitwa /dev/vda1, kwa hiyo tumia UUID badala ya majina. Na kama uhamisho bado haujafanyika, endesha amri hiyo ya dracut ukiwa kule kule VMware kabla ya kuzima, au tumia virt-v2v, ambayo hubadilisha diski na kuiandalia draiva kwa pamoja.

## Kisa cha tatu: prosesa inayoonekana ya kizamani

Umesakinisha AlmaLinux 9 au Rocky Linux 9, seva yenyewe ni mpya, na bado unapata:

```
Fatal glibc error: CPU does not support x86-64-v2
Kernel panic - not syncing: Attempted to kill init!
```

Mstari unaoeleza chanzo ni ule wa juu. Panic ni matokeo tu. Kuanzia Red Hat Enterprise Linux 9, iliyotoka 2022, mfumo huo na jamaa zake hudai prosesa ya kiwango cha x86-64-v2, na toleo la 10 limepanda hadi v3. Mashine mwenyeji yako inaweza kuwa nacho kiwango hicho, lakini mashine pepe huona aina ya prosesa uliyoichagua kwenye mipangilio, na aina kama kvm64 na qemu64 ni za kizamani. Proxmox ilitumia kvm64 kama chaguo la kawaida hadi toleo la 8 lilipobadilisha kuwa x86-64-v2-AES kwa mashine mpya. Tiba ni mstari mmoja:

```
qm set 100 --cpu host
```

Kwenye libvirt chagua host-passthrough. Kama una mashine wenyeji za vizazi tofauti na huwa unahamisha mashine pepe zikiwa zinaendelea kufanya kazi, chagua kiwango ambacho zote zinacho badala ya host.

## Kisa cha nne: umeme umekatika

Baada ya umeme kukatika ghafla, initramfs inaweza kukuambia "RUN fsck MANUALLY". Anzia kwenye mashine mwenyeji. Angalia kwa `df -h` kama haijajaa, maana diski pepe zinazokua kidogo kidogo zinaweza kumaliza nafasi halisi hali mashine mgeni ikidhani bado inayo. Mashine ikiwa imezimwa, kagua faili lenyewe kwa `qemu-img check`. Ndipo uingie ndani na kutumia fsck kwa ext4, au xfs_repair kwa XFS. xfs_repair ikikataa kwa sababu ya kumbukumbu za maandishi ambayo hayajakamilika, jaribu kwanza kuipachika diski kutoka mashine nyingine ili yakamilishwe. Chaguo la -L huyatupa maandishi hayo, kwa hiyo liwe la mwisho kabisa.

## Hakuna kerneli inayowaka: hamisha diski

Njia hii huokoa hata pale ambapo GRUB hana cha kutoa. Zima mashine mgonjwa, chomoa diski yake pepe, ipachike kama diski ya pili kwenye mashine nzima, kisha:

```
lsblk -f
sudo mount /dev/vdb2 /mnt
sudo mount /dev/vdb1 /mnt/boot
for d in dev proc sys run; do sudo mount --bind /$d /mnt/$d; done
sudo chroot /mnt
```

Majina ya sehemu za diski yafuate utakachoonyeshwa na lsblk. Kama kuna LVM, tangulia na `vgchange -ay`. Ukishaingia chroot, uko ndani ya mfumo mgonjwa bila kuuwasha: unaweza kusafisha /boot, kutengeneza initramfs, kusakinisha kerneli na kurekebisha fstab.

Tahadhari moja: usichague mashine ya kuokolea iliyozaliwa na kiolezo kile kile cha mgonjwa. UUID na majina ya LVM yatagongana, na XFS itakataa kupachikwa mpaka uongeze `-o nouuid`.

Njia hii si ya Linux pekee. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye kasoro la programu ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft. Kwenye mashine pepe za wingu, tiba mojawapo ilikuwa hiyo hiyo: chomoa diski, ipachike kwenye mashine nzima, futa faili lenye kasoro, irudishe.

## Andaa mashine kabla ya tatizo

Weka konsoli ya serieli kwenye kila mashine pepe tangu siku ya kuijenga. Ipe /boot nafasi ya kutosha. Mimi hutenga GB 1. Bakiza angalau kerneli moja ya zamani unayojua inawaka. Diski za ziada kwenye fstab ziandikie nofail, ili diski ya bekapu ikikosekana isizuie seva nzima. Chukua snapshoti kabla ya kusasisha kerneli.

Halafu washa upya seva zako kwa ratiba. Seva iliyokaa miezi bila kuzimwa inaweza kuwa imeshasasishwa kerneli ambayo haijawahi kuwaka hata mara moja, na utakuja kulijua hilo usiku umeme ukirudi, watumiaji wakiwa wanasubiri. Chagua Jumamosi yenye wafanyakazi wachache, bekapu ikiwa tayari na konsoli ikiwa wazi mbele yako, uiwashe upya mwenyewe. Ikikwama, utakuwa na muda wa kusoma ilipokwama.