Ruta Nayo Yataka Hewa

Wengi wetu nyumbani tunayo ruta, yaani kile kisanduku kigawacho intaneti. Huku kaskazini ya Uganda, katika Februari, joto chini ya bati hupita nyuzi 30 upesi, na ruta nyingi zimeundwa kuvumilia hewa isiyozidi nyuzi 40. Basi mtandao ukikatika kila alasiri na kurudi usiku, kabla ya kulaumu kampuni, iguseni ruta.

Joto liiharibulo halitoki chumbani tu. Umeme uitumiao hugeuka joto ndani yake, nalo hutokea matunduni. Na mama zetu, kwa kukiheshimu kitu cha thamani, huifunika kwa kitambaa cha kufuma! Ndani mna vipande viitwavyo kapasita, ambavyo umri wake hupungua karibu nusu kwa kila nyuzi 10 zizidizo.

Iondoeni juu ya televisheni, muitundike ukutani usawa wa kifua, maana hewa ya moto hupanda batini. Vumbi lifutwe kwa brashi kavu, umeme ukiwa umezimwa. Kitambaa cha maji msithubutu. Feni husaidia, ingawa haipoozi chumba, kwa kuifukuza hewa moto iliyoizunguka.

Ya kwetu naliitundika wakati wa likizo, na dada yangu, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani, akasoma alasiri nzima bila kukatiwa.